Kaburi Katikati ya Ngano

Wanangu, juzi mliniita Katesh kwenye semina yenu ya amani. Mkanipa kiti cha mbele, soda baridi, na ile kalamu ya wino mzito, mkaniomba niandike mbinu za usuluhishi kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyesahau somo. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mnanijua, miguu yangu imestaafu lakini mdomo bado uko kazini. Ila kazi niliyoifanya haikubali kuandikwa kwa nukta nukta. Kabla sijapata neno la kwanza, kijana wa ratiba akanionyesha saa, tukaenda kunywa chai. Basi yale niliyoshindwa kuyaandika ukutani nayaandika hapa, ambako hakuna wa kunionyesha saa.

Nilikuwa katekista. Nimezaliwa Mbulu juu, kwa Wairaqw wenzangu, kwenye mashamba ya miteremko ambako ukidondosha kiazi unakwenda kukiokotea kwa jirani. Parokia ikanituma Hanang, kwenye kigango kimoja, kanisa lake dogo la upande wa Balangdalalu, enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa yametandazwa kwenye tambarare. Katekista mwanamke lilikuwa jambo geni. Jumapili ya kwanza wazee wengine walikuja kunitazama tu, kama watu walioambiwa kuna jogoo ametaga. Nikaongoza ibada, nikafunga kwa wimbo, na Jumapili iliyofuata wakarudi.

Nilidhani nimetumwa kufundisha sala na amri za Mungu. Hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi ingekuwa kupatanisha watu. Lakini ukikaa kati ya wakulima na wafugaji utafanyaje? Jumapili unahubiri upendo, Jumatatu mtu anabisha hodi na kichwa kimepasuliwa kwa rungu. Huwezi kumwambia asubiri Jumapili nyingine.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa katekista Tarmo, Mwiraqw mwenzangu, mzee mwembamba, mpole wa kuudhi. Mimi nilikuwa na haraka ya ujana na ulimi mwepesi. Yeye alikuwa anaweza kukaa na swali lako mpaka ukasahau uliuliza nini. Lugha ya Wabarbaig aliijua kama yake. Siku ya kwanza alinisikia nikisema "Wamang'ati", akaniuliza kwa upole, "Unajua maana ya neno hilo?" Nikasema ni kabila. Akasema, "Ni jina walilopewa na waliokuwa wakipigana nao, na maana yake ni adui. Sasa wewe utampatanisha vipi mtu huku unamwita adui?" Tangu siku hiyo sikulirudia, na nyinyi msilirudie, hata kwa utani.

Halafu kulikuwa na baiskeli yake. Baiskeli ya Tarmo iliharibika mbele ya kila boma. Tukikaribia tu uzio wa miiba, mnyororo unachomoka. Anashuka, anaipindua baiskeli magurudumu juu, anaanza kuhangaika na grisi mikononi, nami nimesimama juani nikinung'unika ndani kwa ndani. Nilimwonea huruma, hata nikachangisha wanakigango tumnunulie mnyororo mpya. Alinishukuru sana. Tulipofika boma lililofuata, mnyororo mpya ukachomoka palepale. Ndipo nikatazama vizuri, nikaona anauchomoa mwenyewe kwa ncha ya kiatu.

"Mzee wangu, kumbe ni makusudi!" nikasema.

"Nyamaza," akasema, "wanatuangalia."

Na ndiyo ilikuwa maana yake. Mgeni akiingia moja kwa moja, mwenye boma anashtuka, na mtu aliyeshtuka hujibu vibaya. Lakini mzee aliyeinama juu ya baiskeli hamtishi mtu. Watamtazama, wataambiana ni nani, mama atapata nafasi ya kukamua, baba atavaa shuka lake vizuri, na mwisho watamtuma mtoto aje kuuliza kama tunahitaji maji. Hapo tumekaribishwa, hatukujikaribisha. Siku hizi mnafika na gari la mradi, honi juu, vumbi lote linaingia kwenye maziwa yao, kisha mnashangaa kwamba mzee amewanunia.

Mkishaingia, msiseme tatizo. Ulizeni mvua. Ulizeni nyasi. Ulizeni ng'ombe kabla ya watoto, mwenye boma hatakasirika. Tarmo alizoea kusema kwamba ukifika kwa watu na neno mdomoni, bora uliteme njiani. Mimi hilo nililijifunza Yaeda Chini, na nililijifunza kwa aibu.

Tulitumwa huko kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamechafua maji ya Wahadzabe, wale wawindaji na warina asali. Njia ya kushuka Yaeda mnaijua ilivyo hata leo. Enzi zile ndio usiseme. Njia nzima nilikuwa nikitunga mahubiri, na yalikuwa mahubiri kweli, yalianzia kwa Ibrahimu na Lutu na wachungaji wao, yangefika mpaka Galilaya. Tukawakuta Wahadzabe pamoja na wafugaji wachache, tukakaa, na mimi bila kungoja nikasimama kuanza. Sikuwa nimefika mbali, ndege akalia mtini. Ni yule ndege anayeongoza watu kwenye asali. Mwanamume mmoja akainuka, akachukua shoka lake, akaenda. Wa pili akamfuata, wakafuata wengine. Nikaendelea kuhubiri, maana niliona ni jaribu la shetani. Nilipofumbua macho baada ya sala nilikuta nimebaki na mbwa mmoja. Hata Tarmo alikuwa ameondoka nao.

Walirudi wakiwa na asali, wakicheka, vidole vinanata. Tarmo alikuwa ameumwa na nyuki mdomoni, mdomo umevimba, na kila alipojaribu kusema neno zito watu waliangua kicheko, hata wale wafugaji waliokuja kutusikiliza. Tukala asali pamoja. Katikati ya kula, mfugaji mmoja akasema mwenyewe kwamba ng'ombe wanaweza kunywea upande wa chini. Basi, imeisha. Ibrahimu na Lutu nilirudi nao Balangdalalu kama nilivyowapeleka.

Sasa niwaambie la ngano, maana ndilo hasa lililonifanya nikae chini niandike.

Ngano ile ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Ukisimama Mogitu ukatazama chini, ilikuwa ya kijani mpaka macho yanachoka, na wakati wa kuvuna kombaini zilitembea kwa safu kama ng'ombe wanaorudi kunywa. Vijana wetu walipata kazi, na mkate tulikula. Lakini tambarare ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig tangu kwa babu zao, na walipoondolewa hawakupaa mbinguni. Walipanda na mifugo yao kuelekea kwenye mashamba ya wakulima. Ng'ombe akila mahindi, mkulima anamkata ng'ombe. Ng'ombe akikatwa, mkulima anachomwa mkuki. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo, kuona wakulima na wafugaji wanauana kwa jambo ambalo hakuna kati yao aliyelianzisha.

Kwenye kwaya yetu ya kigango nilikuwa na kijana aitwaye Zakaria. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja ambalo sitalitaja jina, mtu wa Njombe, amekuja kutafuta kazi. Alikuwa na besi ya kutikisa mabati. Fahari yake nyingine ilikuwa mistari yake ya kulima. Ilinyooka kiasi kwamba meneja alipopata wageni aliwapeleka wakaione. Kijana asiye na maneno mengi, mcha Mungu, mwoga wa nyoka.

Jumapili moja besi haikusikika. Baada ya ibada nikamkuta nyuma ya kanisa amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nimefanya jambo, na sijui ni jambo gani."

Akanieleza. Alikuwa akipiga haro, kusaga mabonge, kwenye kipande kipya walichoongezewa. Akakuta kichuguu, hivyo ndivyo alivyodhani, kichuguu cha zamani kilichobonyea na kuota nyasi. Kinamharibia mstari. Akapita nacho, akarudi, akakisawazisha. Kesho yake asubuhi mama mmoja mzee wa Kibarbaig, amevaa sketi ya ngozi na bangili zake za shaba, akakatiza katikati ya udongo uliolimwa, akaja akaketi chini mbele ya trekta.

"Nikazima injini. Nikafikiri mama ni mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akachota udongo kwa mikono miwili, akasema maneno. Mlinzi ndiye aliyenitafsiria."

"Alisema nini?"

Zakaria alikunja kofia, akaikunjua. "Alisema, 'Umemlima mume wangu.'"

Nikakimbilia kwa Tarmo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho. Akaniambia kwamba mama huyo ni Udagwenga, na mume wake alikuwa mzee wa kuheshimika, miongoni mwa wale ambao Wabarbaig huwainulia kaburi. Wanaliita bung'eda. Si kila mtu hupewa. Kaburi lenyewe huinuliwa kwa udongo na miti, mwezi baada ya mwezi, watu wanakuja na kurudi, mpaka linakuwa refu kuliko mtu, na siku ya kumaliza koo zote hukusanyika. Baadaye watu wanaweza kuhama na ng'ombe wao, lakini mzee anabaki pale, na nchi inajua ni ya nani.

Tarmo alikwenda kwa yule mama siku hiyohiyo, akarudi amechoka.

"Wana wake wamechomeka mikuki mlangoni," akasema. "Wamemuuliza mama yao neno moja tu, tufanye nini? Naye hajajibu. Siku atakapojibu ndipo tutajua kama kijana wako ataishi."

Hapo ndipo ningetakiwa kutulia. Lakini Tarmo akashikwa na homa, akalazwa, na sisi wenye haraka tukabaki na uwanja wetu. Padre wetu akazungumza na meneja wa shamba. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa kutoka mkoa mwingine, ana hesabu za wakubwa wake kichwani, na habari ile ilimtisha. Akasema jambo ni rahisi, kaburi limevunjwa, kaburi litajengwa. Analo greda. Tukaona Roho Mtakatifu amesema kupitia meneja. Nikapiga makofi, kweli kabisa, nikapiga makofi ofisini.

Siku ya tukio tulimwalika Udagwenga na ukoo wake. Padre alikuja na maji ya baraka, kwaya ikavaa sare, meneja akaleta kondoo wa kuchinja. Greda likanguruma, likasukuma udongo kutoka kila upande, likaupandisha, likaushindilia. Kabla ya saa ya chakula kilikuwa kimesimama kilima kizuri, kirefu kuliko kile cha kwanza, kingo zimenyooka. Kwaya ikaanza kuimba. Mimi nilikuwa natazama uso wa yule mama nikitafuta machozi ya furaha.

Alitazama kile kilima kwa muda. Halafu akageuka akaenda zake. Wanawe wawili wakang'oa mikuki yao ardhini, wakamfuata. Kondoo alibaki amefungwa kwenye kigingi, na wimbo ukafia njiani.

Nilipomsimulia Tarmo kitandani kwake hospitali, alicheka kwa uchungu mpaka muuguzi akaja. "Mmemjengea kichuguu," akasema.

"Lakini ni kikubwa kuliko cha kwanza!"

"Binti yangu, ukifiwa, ukaletewa mashine ya kulia kwa niaba yako, ikalia kwa sauti kubwa kuliko ndugu zako wote, utashukuru?" Akajigeuza kitandani. "Kila aliyepeleka udongo pale alikuwa anakwenda na miguu yake. Watu walilala njaa kumpelekea udongo mzee yule. Udongo wa greda hauna mtu."

Siku iliyofuata nilipata habari kwamba Zakaria amekusanya vitu vyake. Nikamfuata Katesh, nikamkuta kwenye maduka anasubiri lori la kwenda Singida, ameketi juu ya begi lake. Sikumlaumu. Hata mimi ningekimbia, na ningekimbia kabla yake. Nilikaa naye, nikanunua maandazi, tukala. Lori likaja, likapakia mizigo, na kondakta akaita.

"Nikienda," Zakaria akaniuliza, "watamwacha atakayekuja badala yangu?"

Nilitamani kumdanganya. "Sijui," nikasema. "Trekta litakuwa lilelile."

Aliinuka na begi lake, akalitazama lile lori mpaka likaondoka. "Basi twende," akasema. Siku nyingine huwa nawaza kwamba mahubiri yangu yote ya miaka ile hayakuwa na uzito wa maneno hayo mawili.

Tarmo alipopata nafuu tulikwenda watatu kwa Udagwenga. Baiskeli iliharibika langoni kama kawaida, na safari hii ilichukua asubuhi nzima. Wale wana walipita karibu yetu na ng'ombe, wakubwa, wanyamavu, hawakusalimu. Mkubwa alimtazama Zakaria kama mtu anayepima ngozi. Yule mdogo, Gidamis, alitema mate pembeni. Zakaria hakuinua macho. Nilisikia meno yake yakigongana, na jua lilikuwa kali.

Mwishowe kikaletwa kibuyu cha maziwa mgando. Nikapewa mimi, akapewa Tarmo, kibuyu kikarudi ndani. Zakaria hakupewa. Jamani, mimi nimekula na kunyimwa mengi, lakini ile kumruka mtu na maziwa sijaisahau.

Kisha Udagwenga akatoka, akaketi, akazungumza na Tarmo tu, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeeleza njia. Tarmo akatafsiri. "Anasema wazee wao wamekaa, maana hakuna aliyewahi kuona bung'eda ikiinuliwa mara ya pili. Wamekubali iinuliwe. Lakini kwanza ule udongo wa mashine uondolewe. Uondolewe na yeye aliyelima. Kwa mikono yake. Mpaka wote uishe, wanawe watangoja."

"Na ukiisha?" nikauliza.

"Ukiisha, atajua la kuwaambia."

Zakaria akasema, "Nitauondoa."

Kila jioni baada ya kazi alikwenda na jembe na karai. Kile kilima tulichokishangilia, greda lilikishindilia vizuri mno. Jembe lilikuwa linagonga kama kwenye sakafu. Meneja alipoulizwa na wakubwa kuhusu mtu anayechimba katikati ya shamba la serikali, alijibu kwamba yeye jioni huwa haoni mbali. Nilimsamehe greda lake kwa jibu hilo. Gidamis alikuwa anakuja kila siku, anasimama kwa mguu mmoja, mkuki begani, anatazama. Hasaidii, hazungumzi. Viganja vya Zakaria vilichubuka, vikawa sugu, na ule udongo ukasambazwa wote mpaka pakabaki pale chini, pale penyewe. Ngano ilikuwa imeshaota pande zote.

Ndipo wakaanza kuinua upya. Kidogo tu siku hiyo, kisha siku nyingine kidogo. Ndugu walikuja kutoka mbali, wengine kutoka walikohamia, wakipita pembezoni mwa ngano kwa ruhusa ya meneja asiyeona. Wanawake waliimba. Mimi nikataka kwaya yetu nayo iende, vijana wa Mogitu na Balangdalalu, ambao baadhi yao walikuwa na makovu ya mikuki ya Wabarbaig, na baadhi, tuseme ukweli, walikuwa wamekata ng'ombe wao. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kunipinga. Huko ni kuabudu mizimu, akasema, na katekista anatupeleka upagani. Nikafura, nikatafuta jibu kali. Tarmo akanitangulia.

"Matendo ya huruma ya mwili ni yapi?" akamuuliza, kama anavyouliza watoto wa komunyo ya kwanza.

Mzee akayataja, maana alikuwa ameyakariri. Kulisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi. Alipofika mwisho akasita.

"Malizia," Tarmo akasema.

"Kuzika wafu," mzee akasema, akaketi.

Tukaenda. Sikuhubiri. Kila kijana alibeba udongo wake, akautua, akarudi kuchukua mwingine. Siku ya kwanza Wabarbaig walisimama upande wao na sisi upande wetu. Baadaye binti mmoja wa kwaya akateleza, karai likamwagika, na mama mmoja wa Kibarbaig akachuchumaa kumsaidia kuzoa. Mimi niliona hilo nikalia, na sikujificha. Kwenye semina mngeliita mafanikio ya awali.

Siku ya kumaliza ilikuja ngano ikiwa imekauka, tayari kuvunwa. Pombe ya asali ilikuwa imetengenezwa, watu wamejipaka mafuta, wazee wameketi kwa safu. Gidamis, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, akapanda juu ya kaburi la baba yake kama desturi inavyotaka, akasimama huko na tawi bichi mkononi, watu wakapaza sauti. Lakini mimi, na nadhani wote tuliokuwa pale, tulikuwa tukimtazama mama yake. Hakuwa amejibu bado, ingawa udongo wa greda ulikuwa umekwisha kitambo. Miezi yote ile wanawe walikuwa wakingoja neno lake, na Zakaria alikuwa akichimba chini ya neno hilo.

Akamwita. Zakaria akasogea na jembe lake begani, akavua kofia, akapiga magoti. Tarmo akasimama kati yao kutafsiri.

"Baba yako yuko wapi?" Udagwenga akamuuliza.

Sikulitegemea swali hilo. Zakaria akainua uso. "Alifariki, mama. Huko kwetu Njombe."

"Kaburi lake uliliinua wewe?"

"Hapana." Akaikunja kofia yake mkononi. "Nilikuwa hapa. Ilikuwa wakati wa kupanda ngano. Habari ilinifikia wakiwa wameshazika, na ruhusa sikupata. Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yalipokwisha nikaona aibu. Sijaliona kaburi lake mpaka leo."

Miezi yote hiyo nilikuwa namjua kijana yule, nilimfundisha nyimbo, nilimlisha maandazi, na sikuwahi kumuuliza habari ya baba yake. Yule mama alimsogelea. Kisha akafungua kijipembe cha siagi, akampaka kwenye paji la uso na kifuani, akisema polepole, na Tarmo alitafsiri kwa sauti iliyokuwa ikikatika.

"Anasema, hukujua kuzika, ndiyo maana hukujua kaburi. Sasa umezika. Nenda ukamzike na baba yako. Ukiulizwa ruhusa umepata kwa nani, sema umepata kwangu."

Kisha akageuka akawaambia wanawe neno lao, lile walilolingoja tangu siku ya trekta. Lilikuwa fupi. Tarmo hakunitafsiria, hakukuwa na haja. Yule mkubwa aliuchukua mkuki wake, akatangulia mbele kwenye njia ya kwenda barabarani, akikanyaga nyasi ili Zakaria apite. Gidamis akashuka kutoka juu ya kaburi la baba yake, akamfikia Zakaria, akamtua jembe begani, akalibeba yeye.